Grei 10 kwa mkupuo mmoja au grei 2 kwa siku 5: jeni za seli za saratani zinalinganishwaje?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, naishi Uyole, Mbeya. Mama yangu mdogo wa Tukuyu alipatikana na saratani ya mlango wa kizazi, akakaa Dar es Salaam wiki nyingi akipigwa mionzi kidogo kidogo, Jumatatu hadi Ijumaa. Nyumbani kila mtu aliuliza kwa nini asipigwe yote siku moja akarudi zake. Hapo ndipo nilipopata wazo la utafiti: nichukue seli za saratani, nyingine nizipe grei 10 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa mkupuo mmoja, nyingine grei 2 kila siku kwa siku 5, kisha nipime jeni zipi zimepanda na zipi zimeshuka, nijue ratiba ipi ni bora. Je, utafiti huu utajibu swali la nyumbani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe pole mama mdogo. Utafiti wako unafanyika na una thamani, ila kwa namna ulivyoupanga hautajibu swali la nyumbani, na kuna jambo moja ambalo usipolirekebisha hautajibu hata swali la maabara. Jambo hilo ni hizo 10 kwa 10. Umeona jumla zinalingana ukaamini ulinganisho ni wa haki. Kwa seli hazilingani hata kidogo.

Nianze na la nyumbani, maana la maabara linatokana nalo. Mionzi inaua seli hasa kwa kuikata DNA nyuzi zake zote mbili. Kwa kila grei moja, seli hupata mikato ya namna hiyo kama 20 hadi 40. Seli yenye afya ina mafundi wake wa kuunganisha, na sehemu kubwa ya kazi hiyo huisha ndani ya saa chache. Ukigawanya dozi na kuacha siku moja katikati, tishu za jirani, ambazo kwa mama mdogo ni kibofu na utumbo mpana wa mwisho, hupata nafasi ya kujiunga kabla ya dozi ya kesho. Saratani nayo hujiunga, lakini mara nyingi si kwa kiasi hicho.

Hili lina hesabu yake, na nataka uizoee. Chukua jumla ya dozi, uizidishe na 1 iliyojumlishwa na dozi ya kila mara ikigawanywa kwa namba ya tishu husika (wataalamu huiita alfa/beta); jibu linaonyesha ukali wa dozi kwa tishu hiyo. Kwa saratani nyingi namba hiyo huchukuliwa kuwa 10. Kwa tishu zinazoonyesha madhara baada ya miezi au miaka huchukuliwa kuwa 3. Grei 2 mara 5 inakupa 12 kwa saratani na karibu 16.7 kwa tishu hizo. Grei 10 kwa mkupuo mmoja inakupa 20 kwa saratani na 43.3 kwa tishu. Saratani umeiongezea kwa theluthi mbili, kibofu na utumbo umeviongezea zaidi ya mara mbili na nusu. Na hizo ni grei 10 tu. Mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi kwa kawaida hupata grei 45 hadi 50 za nje, kwa mafungu 25, yaani dozi ndogo 25 za siku tofauti, kisha mionzi ya ndani juu yake, ambayo chanzo chake huwekwa ndani ya mwili karibu na uvimbe. Kumpa zote siku moja ni kumwua.

Wewe umekulia karibu na Rungwe, unajua milimita zilezile za mvua zikija kwa manyunyu ya wiki nzima na zikija kwa usiku mmoja haziachi shamba la mtelemko katika hali moja, ingawa kipimo cha mvua kitasoma namba ileile.

Jambo hili lilionekana zamani kabla mtu yeyote hajapima jeni. Katika miaka ya 1920, Claudius Regaud na wenzake mjini Paris walijaribu kuwahasi kondoo dume kwa mionzi. Kwa mkupuo mmoja hawakuweza bila kuunguza vibaya ngozi ya korodani. Walipogawanya dozi kwa siku kadhaa, uzazi ulikoma na ngozi ikastahimili. Tiba ya mionzi ya leo imetoka huko.

Lakini usiwaambie nyumbani kwamba kugawanya sana ni bora siku zote, kwa sababu si kweli. Mgonjwa mwenye maumivu ya mifupa kutokana na saratani iliyosambaa anaweza kupewa grei 8 mara moja na kupata nafuu ya maumivu sawa na aliyepewa kwa siku nyingi. Kwa saratani ya matiti, utafiti wa Uingereza uitwao FAST-Forward, uliotoka mwaka 2020 ukiwa na wagonjwa zaidi ya 4,000, ulionyesha kwamba grei 26 kwa mafungu 5 ndani ya wiki moja hazikuwa duni kuliko grei 40 kwa mafungu 15 ndani ya wiki 3, kwa kipimo cha saratani kurudi mahali pale baada ya miaka 5. Kwa mama wa Makete au Mbarali anayepanda basi zaidi ya kilomita 700 au 800 kwenda Dar es Salaam na kutafuta pa kulala, wiki moja badala ya tatu ni jambo kubwa mno, na ndiyo sababu mimi naona utafiti wa ratiba ni miongoni mwa tafiti zinazotuhusu sana watu wa nyanda za juu kusini. Ila ona jibu lile lilipatikanaje: kwa kuwafuatilia wagonjwa miaka mingi. Orodha ya jeni haikutoa, na yako haitatoa. Na majibu ya titi hayahamishiwi kwenye mlango wa kizazi.

Sasa maabara. Jeni zinaweza kukueleza seli inafanya nini baada ya kupigwa, kwa njia ambayo hesabu ya juu haiwezi. Mwaka 2007 kundi la watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani lilifanya karibu hilohilo unalotaka: grei 10 mara moja dhidi ya grei 2 mara 5, kwa aina 3 za seli: MCF7 za titi, DU145 za tezi dume na SF539 za ubongo. Seli za MCF7, ambazo p53 yake (protini inayoamrisha seli isimame au ife DNA ikiharibika) ni nzima, ziliwasha jeni zinazoamriwa na p53. Zile nyingine mbili, ambazo p53 yake ina kasoro, zilionyesha zaidi jeni za interferoni, yaani zile zile ambazo mwili hutumia dhidi ya virusi, na hali hiyo ilijitokeza zaidi pale dozi ilipogawanywa.

Kwa nini seli iliyopigwa mionzi ijifanye kana kwamba imeingiliwa na kirusi? Maelezo yaliyokuja baadaye ni mazuri sana. Seli iliyokatwa DNA ikijigawa kabla haijaunganisha vizuri, vipande vya kromosomu huachwa nje ya kiini na kufungwa ndani ya viini vidogo ambavyo ngozi yake ni dhaifu. Ngozi hiyo ikipasuka, DNA inaonekana mahali isipotakiwa kuwepo. Protini iitwayo cGAS inaikamata, inaiamsha protini nyingine iitwayo STING, na interferoni inaanza kutengenezwa. Mambo hayo yaliwekwa wazi mwaka 2017. Mwaka huohuo kundi jingine, likitumia uvimbe wa panya, lilionyesha kwamba dozi kubwa ya mara moja, kuanzia kati ya grei 12 na 18 kutegemea na seli, inawasha jeni iitwayo TREX1 ambayo protini yake huila ile DNA iliyotoka nje. Grei 8 mara 3 ziliamsha interferoni. Grei 20 mara moja zilishindwa, kwa sababu TREX1 ilikwisha kufagia ushahidi.

Umeona hapo muda unavyohusika. Seli lazima ipite kwenye mgawanyiko ndipo viini vidogo vitokee, na mgawanyiko unataka saa nyingi. Anayepima saa 4 baada ya mkupuo mmoja hataona interferoni, si kwa sababu mkupuo mmoja hauiamshi bali kwa sababu amewahi. Anayepima saa 4 baada ya fungu la tano anapima seli ambazo fungu lake la kwanza lina siku 4. Akisema "mafungu yanaamsha interferoni, mkupuo hauamshi," amelinganisha siku 4 na saa 4.

Kwa hiyo tengeneza makundi yako hivi. Kundi la kwanza grei 2 kwa siku 5. La pili grei 10 siku ya kwanza, likavunwa siku moja na lile la mafungu. La tatu grei 10 siku ya tano, likavunwa saa ileile baada ya dozi ya mwisho. Kati ya la pili na la tatu utajua kipi ni cha dozi na kipi ni cha muda. La nne ni lile ambalo watafiti wengi hulisahau, nami nakuomba usiliache hata fedha zikipungua: grei 2 peke yake siku ya tano, kwa seli ambazo hazijawahi kupigwa. Bila kundi hilo huwezi kujua kama unachokiona mwishoni mwa mafungu ni matokeo ya siku zote tano au ni mwitikio tu wa grei 2 za asubuhi ile. Jeni za p21 na MDM2, kwa mfano, huwaka ndani ya saa chache baada ya dozi yoyote ile pale p53 inapofanya kazi.

La tano ni grei 7 kwa mkupuo mmoja. Rudi kwenye hesabu: grei 7 mara moja inatoa karibu 12 kwa saratani, sawa na grei 2 mara 5. Hapo sasa unalinganisha ratiba mbili zinazotarajiwa kuua kiasi kimoja cha seli, na tofauti ya jeni utakayoiona ni ya ratiba kuliko ya ukali. Ukibaki na 10 dhidi ya 10 tu, mtahini akikuuliza kama jeni zimepanda kwa sababu ya kugawanya au kwa sababu kundi moja limeuawa zaidi, hutakuwa na jibu. Ila ile namba 10 ya saratani ni ya wastani. Seli zako zina yao. Ipate kwa kupanda seli chache kwenye sahani baada ya dozi mbalimbali na kuhesabu ni ngapi zimetoa makoloni, yaani vikundi vya seli vinavyotokana na seli moja, kipimo ambacho Puck na Marcus walikianzisha kwa seli za HeLa mwaka 1956 na bado hakijapitwa. Kifanye kabla ya kununua chochote cha RNA, yaani zile nakala za jeni utakazopima.

La sita ni la seli zisizopigwa. Zitoe kwenye inkubeta (kabati la joto la kuoteshea seli) kila siku pamoja na wenzake, zibebe hadi chumba cha mashine, zilaze mezani dakika zilezile, zirudishe. Baridi, kutikiswa na kupungua kwa hewa ya ukaa vinabadilisha jeni pia. Na siku 5 ni nyingi: seli zisizopigwa zitajaza chupa yake wakati zilizopigwa bado zina nafasi, na seli zilizobanana huacha kujigawa. Panda idadi tofauti mwanzoni ili siku ya kuvuna zote ziwe zimefunika sehemu inayokaribiana ya chupa.

Kuhusu seli zenyewe, nadhani utataka za mlango wa kizazi kwa ajili ya mama mdogo, na nakuunga mkono. Lakini jua unachokichagua. HeLa, zilizochukuliwa kutoka kwa mgonjwa Henrietta Lacks huko Baltimore mwaka 1951, zina kirusi cha HPV, kile kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, aina ya 18, na SiHa zina aina ya 16. Kirusi hicho kina protini ya E6 inayoiburuta p53 kwenda kuharibiwa. Usitegemee mwitikio wa p53 kama wa MCF7. C33A nazo ni za mlango wa kizazi bila HPV, ila p53 yake imebadilika. Ningekushauri SiHa au HeLa pamoja na MCF7, ili uwe na upande ambao p53 inafanya kazi na upande ambao imefungwa mikono. Aina moja tu ya seli itakupa hitimisho la seli hiyo, basi.

Rudia jaribio lote mara 3 au zaidi kwa wiki tofauti, kwa seli zilizopandwa upya. Chupa moja ikigawanywa kwenye mirija mitatu bado ni jaribio moja. Kama unatumia PCR ya kupima wingi wa RNA, usiegemee jeni ya GAPDH peke yake kama kipimo cha rejea. Jaribu jeni za rejea kadhaa na uonyeshe kwamba mionzi haijazigusa.

Kwenye takwimu kuna kosa ninalolikuta hata kwenye machapisho yenye heshima, na linaniuma kwa sababu linapoteza kazi nzuri ya mtu. Mtafiti anapata orodha ya jeni zilizobadilika kwa mkupuo ukilinganisha na zisizopigwa. Anapata orodha ya pili ya mafungu ukilinganisha na zisizopigwa. Anachora miduara miwili inayopishana, kisha jeni zilizo upande mmoja anaziita "jeni za mafungu". Hilo halijathibitishwa. Jeni moja inaweza kuvuka mstari wa takwimu kidogo tu kwenye orodha moja na kuukosa kidogo tu kwenye nyingine, huku viwango vyake vikiwa karibu sawa. Ukitaka kusema ratiba mbili zinatofautiana, linganisha ratiba mbili zenyewe kwa zenyewe, moja kwa moja. Na kwa kuwa unapima jeni kama 20,000, kizingiti cha asilimia 5 bila marekebisho kitakuletea jeni zipatazo 1,000 za bahati tu hata kama mionzi haijafanya lolote. Tumia marekebisho ya Benjamini na Hochberg. Programu ya DESeq2 inayafanya yenyewe, na ni ya bure.

Kumbuka vilevile kwamba RNA ya chupa nzima ni mchanganyiko. Baada ya dozi, seli nyingi husimama kabla ya kujigawa. Jeni za hatua hiyo zinaweza kuonekana zimepanda kwa sababu tu seli za hatua hiyo zimekuwa nyingi, hakuna seli iliyobadilisha kitu ndani yake. Na kwenye kundi la mafungu, siku ya tano unapima zilizosalia. Zilizokufa na kuelea ulizimwaga ulipobadilisha maji ya kuoteshea. Weka kando sehemu ya kila chupa upime zipo hatua gani, na hesabu zilizoelea.

Vifaa sasa. Mionzi sahihi huipati kwa kuazima mashine ya picha za kifua. Unahitaji mashine ya tiba, na mwanafizikia wa tiba akupimie dozi pale seli zilipolala, chini ya chupa. Kwa mashine ya kobalti-60 dozi hufikia kilele kama nusu sentimita ndani, kwa mashine ya megavolti 6 kama sentimita moja na nusu, kwa hiyo chupa inawekewa vibao vya plastiki upande mionzi inakotokea na upande wa pili. Bila hivyo grei 2 za kwenye karatasi si grei 2 za kwenye seli. Usifikirie kubeba chupa hai kwenye basi kutoka Mbeya siku 5 mfululizo. Omba kuoteshea seli Dar es Salaam jirani na mashine, upige jioni wagonjwa wakishamaliza, ufuate taratibu za usalama za Tume ya Nguvu za Atomu, na urudi na RNA ikiwa kwenye dawa ya kuihifadhi. Umeme ukikatika friza ikiyeyuka, kazi ya miezi imekwenda. Gawa kila sampuli sehemu mbili na uziweke friza mbili zenye jenereta tofauti. Kwa upande wa Mbeya, maabara za kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, zimezoea kazi za molekuli kwa miaka mingi. Nenda kaulize kabla hujaandika bajeti.

Kitu ambacho sahani haitakuonyesha ni oksijeni. Seli zilizo na hewa ya kutosha huuawa na mionzi kwa urahisi karibu mara tatu ya zile zisizo na hewa, na katikati ya uvimbe mkubwa hewa ni haba. Dozi ya leo ikiua seli za pembeni, za ndani zinapata hewa kabla ya dozi ya kesho, na hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya kugawanya. Kwenye chupa yako kila seli ina hewa tangu mwanzo. Sahani pia haina kinga ya mwili, na interferoni inayotoka haina wa kumwita. Watafiti wale wa 2007 walipozipandikiza seli zao za DU145 kwenye panya, mwitikio haukufanana na wa kwenye chupa.

Kwa hiyo kwenye pendekezo lako futa neno "bora". Andika kwamba unapima jinsi kugawanya dozi kunavyobadilisha mwitikio wa jeni za aina mbili za seli pale kiasi cha kuua kinapolinganishwa, na hapo utaweza kulitetea. Kabla hata ya kuomba fedha, pakua data za tafiti zilizotangulia kutoka GEO, hazina ya data za jeni ya Marekani, ambayo ni wazi kwa kila mtu, uzichambue kwa kompyuta yako hapo Uyole. Angalia kila utafiti ulivuna saa ngapi baada ya dozi ipi. Ukikuta, kama ninavyotarajia, kwamba wachache sana walikuwa na lile kundi la grei 2 za siku ya mwisho, hiyo ndiyo aya ya kwanza ya pendekezo lako.

Na mama mdogo akiambiwa arudi kwa ajili ya mionzi ya ndani, asicheleweshe hata kama mahindi yanasubiri. Matibabu yote ya saratani ya mlango wa kizazi, ya nje na ya ndani, yanatakiwa kuisha ndani ya wiki 8, kwa sababu seli zilizosalia huanza kuongezeka upya kadiri siku zinavyosogea.